Vitaly Mutko: kofia mbili, kichwa kimoja

Karatasi yenyewe ilipigwa picha na bado inazunguka mitandaoni. Ni hotuba ya Kiingereza iliyoandikwa yote kwa herufi za Kirusi, neno kwa neno kama linavyosikika sikioni, ili msomaji asiyejua lugha aweze kuitamka. Mstari unaokumbukwa, tukiuandika kwa mtindo huohuo kwa herufi zetu, ungekuwa hivi: "Let mi spik from mai hart, in inglish." Nizungumze kutoka moyoni, kwa Kiingereza.

Tarehe 2 Desemba 2010, mjini Zürich, Waziri wa Michezo wa Urusi, Vitaly Mutko, alisimama mbele ya kamati kuu ya FIFA kuiombea nchi yake Kombe la Dunia la 2018, akasoma karatasi hiyo kwa tabasamu pana na lafudhi nzito isiyojificha. Warusi walimcheka kwa miaka. Fulana zilichapishwa, vichekesho vya televisheni vikatungwa, na kila alipofungua tena kinywa kwa Kiingereza nchi nzima ilitega sikio.

Lakini tazama kura. Uingereza ilikwenda Zürich na Mwanamfalme William, Waziri Mkuu David Cameron na David Beckham, watu watatu ambao Kiingereza chao hakina dosari, ikaambulia kura mbili na kutolewa raundi ya kwanza. Urusi ilipata 9, kisha 13 katika raundi ya pili, na Kombe la Dunia la 2018 likawa lake. Vladimir Putin, wakati huo Waziri Mkuu, hakuhudhuria upigaji kura. Alipanda ndege baada ya matokeo kutangazwa.

Wengi humkumbuka Vitaly Mutko kwa karatasi ile. Mimi naona ilimsaidia kuliko ilivyomwaibisha. Mtu anayechekwa haogopwi, na asiyeogopwa haulizwi sana ameshika vyeo vingapi kwa wakati mmoja. Na Mutko alishika vingi.

Alizaliwa mwaka 1958 katika jimbo la Krasnodar, kusini mwa Urusi, akaenda Leningrad, ndiyo St Petersburg ya leo, kijana kabisa, akasomea ufundi wa vyombo vya majini na kufanya kazi melini. Kutoka huko akaingia utawala wa wilaya, na mwaka 1992 akawa mmoja wa manaibu meya wa St Petersburg chini ya Anatoly Sobchak, akisimamia masuala ya jamii. Katika utawala huohuo wa jiji, ofisi ya mahusiano ya nje ilikuwa chini ya Putin. Mwaka 1994 jiji liliandaa Michezo ya Hisani, mashindano makubwa ya kimataifa yaliyokuja wakati hazina ya jiji iko taabani, na maofisa hao wote walikuwa katika pilikapilika moja.

Sobchak alishindwa uchaguzi mwaka 1996 na kundi likatawanyika. Putin alikwenda Moscow. Mutko alibaki na mwaka uliofuata akawa rais wa Zenit, klabu ya soka ya jiji hilo. Kwa msomaji wa siasa za Urusi hatua hii ina uzito kuliko inavyoonekana. Zenit ya wakati ule haikuwa hii ya mabilioni, bali klabu ya mji yenye mashabiki wengi na kombe kubwa la mwisho la miaka ya themanini. Chini yake ilitwaa Kombe la Urusi mwaka 1999, ikamaliza ya tatu kwenye ligi mwaka 2001, na fedha za Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali, zikaanza kuingia. Hapo ndipo alipojifunza kazi ambayo angeifanya maisha yake yote: kusimama mlangoni, mguu mmoja uwanjani na mwingine ofisi ya serikali, akihakikisha fedha za kampuni za umma zinafika panapotakiwa. Mwaka 2001 akawa rais wa kwanza wa Ligi Kuu ya Urusi, 2003 seneta wa St Petersburg, na Aprili 2005 rais wa shirikisho la soka la nchi.

Miaka ya mwanzo pale shirikisho ilikuwa mizuri, tusimnyime haki yake. Alimleta kocha Guus Hiddink kutoka Uholanzi, mshahara ukilipwa kwa msaada wa mfuko wa bilionea Roman Abramovich, na mwaka 2008 timu ya taifa ikacheza nusu fainali ya Ulaya baada ya kuwachapa Waholanzi wenyewe 3-1 mjini Basel. Wiki chache kabla ya michuano hiyo, Mei 2008, Mutko alikuwa ameteuliwa kuwa Waziri wa Michezo, Utalii na Sera ya Vijana. Kiti cha shirikisho hakukiachia.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kusimama kidogo, kwa sababu sheria ya FIFA kuhusu serikali kuingilia soka tunaijua kwa machungu. Novemba 2021 Waziri wa Michezo wa Kenya, Amina Mohamed, alilivunja shirikisho la soka na kuunda kamati ya muda kutokana na tuhuma za matumizi mabaya ya fedha. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na Harambee Stars wakakaa nje hadi Novemba mwaka huo. Waziri kugusa shirikisho ni kosa. Urusi haikuhitaji kumtuma waziri akaliguse shirikisho, kwa kuwa waziri ndiye aliyekuwa shirikisho. Tangu 2009 alikuwa pia mjumbe wa kamati kuu ya FIFA, yaani mmoja wa watu wanaoamua nani ameingilia nini.

Aliachia soka mwishoni mwa 2009, baada ya Rais Dmitry Medvedev kutaka maofisa wa serikali waondoke kwenye uongozi wa vyama vya michezo. Septemba 2015 alirudi kwenye kiti hichohicho, akiwa bado waziri.

Katikati ya kuondoka na kurudi kuna Fabio Capello. Mtaliano huyo alikabidhiwa timu mwaka 2012, na kabla ya Kombe la Dunia la Brazil akapewa mkataba mpya hadi 2018, kwa mshahara uliotajwa kuwa karibu euro milioni 7 kwa mwaka. Brazil Urusi haikushinda mechi hata moja: sare na Korea Kusini, kipigo kutoka kwa Ubelgiji, sare na Algeria, safari ya nyumbani. Kisha ikabainika shirikisho halina hata fedha za kumlipa kocha. Alikaa miezi bila mshahara mpaka bilionea Alisher Usmanov akatoa mkopo. Rais wa shirikisho aliyekuwapo, Nikolai Tolstykh, akaondolewa Mei 2015, na waziri akarudi kama mtu anayekuja kuokoa nyumba inayoungua.

Mtindo huo wa moto kuwaka na mwingine kuungua ulikuwa umeshaonekana kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Vancouver, mwaka 2010. Urusi ilipata dhahabu tatu tu, aibu kwa nchi ambayo ndiyo ingekuwa mwenyeji wa michezo iliyofuata. Wabunge walitaka vichwa vianguke. Rais wa kamati ya Olimpiki, Leonid Tyagachev, alijiuzulu na waziri akabaki. Baadaye wakaguzi wa hesabu za serikali walipopitia matumizi ya Vancouver, walikuta kwenye ankara ya hoteli ya waziri vifungua kinywa 97 ndani ya siku 20. Piga hesabu mwenyewe: ni karibu vitano kila asubuhi. Watu wakacheka tena, na kicheko kikapita kama cha Zürich.

Miaka minne baadaye Sochi, Urusi ikaongoza jedwali la medali kwa dhahabu 13.

Namna ilivyofika pale tunaijua kutokana na maelezo ya Grigory Rodchenkov, aliyekuwa mkurugenzi wa maabara ya kupima dawa za kusisimua misuli ya Moscow, na kutokana na uchunguzi wa Profesa Richard McLaren wa Kanada uliofanywa kwa niaba ya WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa hizo. Katika maabara ya Sochi, kwenye chumba namba 125, kulikuwa na tundu ukutani karibu na sakafu. Usiku, chupa za mkojo wa wanamichezo waliolindwa zilipitishwa kwenye tundu hilo hadi chumba cha pili, zikachukuliwa na watu wa idara ya usalama ya FSB, kisha zikarudi zimefunguliwa. Vifuniko vyake vilitengenezwa visiweze kufunguliwa bila kuvunjwa. Mkojo mchafu ulimwagwa, ukatiwa safi ambao mwanamichezo alikuwa ameutoa miezi kadhaa kabla na ukahifadhiwa kwenye friza. Ili uzito wa mkojo ulingane na ulioandikwa kwenye fomu, walitia maji au chumvi. Chumvi ya kawaida ya mezani.

Chumvi hiyohiyo ndiyo iliyowaumbua. Wachunguzi walipozifungua tena chupa, baadhi zilikuwa na kiasi cha chumvi ambacho mwili wa binadamu hauwezi kukitoa. Ndani ya vifuniko kulikuwa na mikwaruzo ya kifaa kilichotumika kuvifungulia. Na katika sampuli za wanawake wawili wa timu ya magongo ya barafuni, vinasaba vilivyopatikana vilikuwa vya mwanamume.

Dawa yenyewe Rodchenkov aliichanganya mwenyewe: aina tatu za steroidi zilizoyeyushwa kwenye pombe, wiski kwa wanaume na Martini kwa wanawake, ili zifyonzwe haraka mdomoni na zisionekane kwa muda mrefu kwenye vipimo. Ila kinachotuhusu zaidi hapa ni njia ya karatasi, si ya chupa. Miaka kadhaa kabla ya Sochi, kwa mujibu wa McLaren, maabara ya Moscow ilipogundua dawa kwenye sampuli, jina halikwenda moja kwa moja WADA. Lilikwenda kwanza kwa naibu waziri wa michezo, Yuri Nagornykh, naye akajibu kwa neno moja kati ya mawili: okoa, au karantini. Aliyeokolewa, matokeo yake yaliandikwa safi. Aliyewekwa karantini, mara nyingi mwanamichezo wa kigeni au asiye na tegemeo la medali, aliachiwa adhabu imkute.

Nagornykh alikuwa naibu wa Mutko. Maabara ilikuwa chini ya wizara ya Mutko. Mwenyewe alikana tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho: hakuna mpango wa serikali, haujawahi kuwepo, na Rodchenkov ni mtu aliyekimbilia Marekani akitafuta kujinusuru. Ripoti ya pili ya McLaren, ya Desemba 2016, ilihesabu wanamichezo zaidi ya 1,000 wa michezo zaidi ya 30 walionufaika na mfumo huo kwa namna moja au nyingine.

Habari hizi ukizisoma Nairobi au Eldoret zina sura nyingine. Mwaka 2011, kwenye mashindano ya dunia ya riadha kule Daegu, Korea Kusini, Milcah Chemos alimaliza wa tatu katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, nyuma ya Mrusi Yuliya Zaripova. Kwenye Olimpiki ya London 2012 Zaripova akashinda tena, Chemos wa nne, bila medali. Janeth Jepkosgei alikuwa wa tatu katika mita 800 Daegu, na Pamela Jelimo wa nne London, mashindano yote mawili mshindi akiwa Mrusi mwingine, Mariya Savinova. Miaka ikapita. Zaripova akafutiwa matokeo mwaka 2016, Savinova 2017, huyu wa pili akiwa amerekodiwa kwa siri na mwenzake akizungumzia dawa anazotumia. Wakenya wakapandishwa. Lakini jukwaa lilishavunjwa zamani, bendera ilishapandishwa ya mwingine, na miaka ya kusaini mikataba mizuri ya viatu ilishawapita. Kenya yenyewe haina usafi wa kujivunia, orodha ya wakimbiaji wetu waliofungiwa ni ndefu. Tofauti ni kwamba kwetu ni mwanariadha, kocha na mfamasia wa kichochoroni. Kule, aliyeamua nani aokolewe alikuwa na ofisi wizarani na gari la serikali.

Mwaka 2016 ulipaswa kummaliza. Ripoti ya kwanza ya McLaren ilitoka Julai. Riadha ya Urusi ilizuiwa kwenye Olimpiki ya Rio isipokuwa mrukaji mmoja, Darya Klishina, aliyekuwa akifanya mazoezi Marekani. Timu ya walemavu ilizuiwa yote. Waziri mwenyewe alinyimwa kitambulisho cha kuingia kwenye michezo, Nagornykh akasimamishwa kisha akaondoka.

Oktoba mwaka huo Putin alimkabidhi Mutko kitabu cha kujifunzia Kiingereza. Watu wakacheka. Mwezi huohuo, tarehe 19, Mutko alipandishwa cheo na kuwa Naibu Waziri Mkuu anayesimamia michezo, utalii na vijana. Uwaziri alipewa Pavel Kolobkov, bingwa wa Olimpiki wa mchezo wa vitara, ambaye sasa angeripoti kwa mtangulizi wake. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, na sijui kama walimaanisha hivi.

Baadhi ya wachambuzi wa Magharibi waliiona hatua hiyo kama dharau ya Kremlin kwa wachunguzi. Inawezekana. Mimi naisoma kwa ndani zaidi. Mtu aliyekaa mlangoni miaka ishirini anajua nani alipita na alibeba nini. Ukimtupa nje umethibitisha kwamba kulikuwa na kosa, na umemwacha barabarani na kumbukumbu zake. Rodchenkov alikuwa ameshaonyesha nini hutokea mtu wa namna hiyo anapoachwa ajitafutie njia.

Waliompata hasa walikuwa wasimamizi wa kanuni, na kwa kosa dogo kuliko yote. Mapema 2017 alitaka kugombea tena kiti chake FIFA, kwenye baraza lililorithi ile kamati kuu. Miguel Maduro, mwanasheria Mreno aliyekuwa ameteuliwa kuongoza kamati ya utawala bora ya FIFA, alimkatalia. Hoja haikuwa dawa. Hoja ilikuwa ile ya kofia mbili: naibu waziri mkuu hawezi kudai hana upande wa kisiasa. Maduro baadaye aliwaeleza wabunge wa Uingereza kwamba katibu mkuu wa FIFA, Fatma Samoura, alimfuata Brussels akimtaka atafute njia ya kumpitisha, kwani vinginevyo Kombe la Dunia lingeingia matatani. Hakukubali. Mei mwaka huohuo Maduro hakuwa tena na kazi FIFA. Aliyemng'oa Mutko aling'olewa kabla hata kiti hakijapata mwenyewe.

Kisha Desemba 2017, mwezi wa ajabu kabisa katika maisha yake. Tarehe mosi, Kremlin, siku ya kupanga makundi ya Kombe la Dunia, alikaa meza moja na Gianni Infantino mbele ya waandishi wa dunia nzima na kujitetea kwa muda mrefu kuhusu dawa, rais wa FIFA akisikiliza pembeni. Tarehe 5, kamati ya kimataifa ya Olimpiki, IOC, ikaisimamisha kamati ya Olimpiki ya Urusi, ikaitaka ilipe dola milioni 15 za gharama, na ikamzuia Mutko na Nagornykh kushiriki kwa namna yoyote Olimpiki zote zijazo. Tume iliyotangulia uamuzi huo, ya Samuel Schmid aliyewahi kuwa rais wa Uswisi, haikusema waziri alishika chupa. Ilisema vyombo vilivyofanya haya vilikuwa chini yake, kwa hiyo dhamana ya kiutawala ni yake. Kuhusu ngazi ya juu zaidi ya dola, tume ilisema haikupata ushahidi wa maandishi. Kwa maneno mengine, ngazi ya lawama iliishia kwenye mlango uleule aliokuwa amekaa.

Kabla mwezi haujaisha alikuwa amejiweka kando kwenye shirikisho la soka na kumwachia Arkady Dvorkovich uenyekiti wa kamati ya maandalizi ya Kombe la Dunia. Mei 2018, mwezi mmoja kabla ya mpira kuanza, serikali mpya ilipoundwa alibaki Naibu Waziri Mkuu, ila kwa kazi nyingine: ujenzi na maendeleo ya mikoa. Michezo ikapewa Olga Golodets.

Kombe likachezwa katika viwanja 12 kwenye miji 11. Tarehe 1 Julai, uwanja wa Luzhniki, kipa wa Urusi Igor Akinfeev alizuia penalti ya mwisho ya Hispania kwa mguu na Moscow ikalala mitaani kwa furaha. Ile karatasi ya Zürich ilikuwa imelipa. Aliyeisoma wakati huo shughuli yake rasmi ilikuwa saruji na barabara.

Bado ilibaki adhabu ya Olimpiki. Alikata rufaa kwenye mahakama ya usuluhishi wa michezo, CAS, na Julai 2019 akashinda. Mahakama ilisema IOC haikuwa na msingi wa kisheria wa kumpa adhabu ile, basi. Suala la nani alijua nini kuhusu tundu la chumba 125 halikuamuliwa. Wapo waliotangaza kwamba amesafishwa. Ni kama kusema mshtakiwa hana kosa kwa sababu alipelekwa baraza la kata badala ya mahakama ya wilaya.

Januari 2020 serikali ya Medvedev, wakati huo Waziri Mkuu, ilijiuzulu yote, Mutko akiwamo. Kabla mwezi haujaisha alikuwa na kiti kingine, mkurugenzi mkuu wa DOM.RF, taasisi ya serikali inayosimamia mikopo ya nyumba na ardhi ya kujenga. Ni ofisi ya kuandika barua na kuidhinisha fedha. Haihitaji Kiingereza.